Tutawalindaje Chungu Tusiowajua kwa Jina?

Mnamo mwezi wa Aprili mwaka 2025, wakati wa mvua za masika, nchi hii ilipata kesi ambayo wengi waliipokea kwa kicheko. Vijana wawili raia wa Ubelgiji walikamatwa Naivasha wakiwa na chungu hai wapatao 5,000, wengi wao malkia, waliotiwa katika vichupa vidogo vyenye pamba, tayari kusafirishwa ng'ambo. Katika kisa kingine cha aina iyo hiyo, raia mmoja wa Vietnam na Mkenya mmoja walipatikana na chungu wapatao 400. Mwezi wa Mei, mahakama iliyoko katika Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta iliwahukumu wote wanne kulipa faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au kwenda jela miezi 12.

Kicheko kile hakikunishangaza. Kilichonishangaza, mimi ambaye kazi yangu ni kufundisha isimu, ni majina. Katika matatu na katika ukumbi wa walimu niliwasikia watu wazima, tena wenye elimu yao, wakizungumzia "siafu walioibwa". Mmoja akamsahihisha mwenzake kwamba ni mchwa. Wa tatu akashikilia kuwa ni kumbikumbi, kwa sababu malkia huota mbawa. Wote watatu walikosea. Waliokuwa vichupani walikuwa chungu wakubwa wavunao mbegu za nyasi, ambao wataalamu huwaita kwa Kilatini Messor cephalotes, na ambao makao yao ni nyika za Afrika ya Mashariki. Hivyo basi taifa zima lilikuwa likijadili mali yake iliyoibwa, ilhali wengi wetu hatukuweza kuitaja kwa jina.

Aibu hiyo si ya kesi moja. Chungu wengi wa nchi za tropiki, hasa zile zenye kiangazi kirefu na mvua za msimu, hawajapata jina lolote, liwe la Kilatini au la Kiswahili. Nami nadai kwamba atakayeiondoa aibu hii si mtaalamu mgeni ajaye kwa wiki mbili kisha akarudi kwao, bali ni mwenyeji akaaye pale mwaka mzima. Na miongoni mwa wenyeji, hakuna aliye katika nafasi nzuri zaidi kuliko mwalimu na wanafunzi wake.

Tuanze na lugha. Kiswahili si maskini katika jambo hili kama tudhanivyo. Tunao siafu, lile jeshi litembealo kwa safu na kumtoa mtu kitandani usiku wa manane. Tunao majimoto, wale wekundu washonao majani ya mwembe na mkorosho yakawa viota, na ambao aliyewahi kuumwa nao haulizi ni kwa nini waliitwa hivyo. Tunao sungusungu, weusi wenye kuuma, ambao jina lao lilichukuliwa na vikosi vya ulinzi vya wanavijiji, kwanza Tanzania katika miaka ya 1980, kisha hata huku kwetu. Tunao sisimizi, wadogo wavamiao sukari jikoni. Na tunalo neno chungu lenyewe, ambalo wafasiri wa Biblia walilichagua katika Kitabu cha Mithali, pale mvivu anapotumwa akajifunze bidii kwa mdudu.

Aidha, Kiswahili humtenga mchwa na jamii hii yote. Katika hilo kilitangulia Kiingereza, ambacho kwa muda mrefu kilimwita mchwa "chungu mweupe". Sayansi imethibitisha kwamba mchwa, pamoja na kumbikumbi ambaye ni mchwa aliyeota mbawa, ni jamaa wa mende, ilhali chungu ni jamaa wa nyigu na nyuki. Mzee wa kijijini asiyejua kusoma, lakini asemaye mchwa na siafu ni watu mbali, alikuwa sahihi kuliko walioandika "chungu mweupe" vitabuni.

Lakini hebu tuyatazame majina hayo kwa makini zaidi. Kila moja limezaliwa pale ambapo mdudu amegusa maisha ya binadamu: ameuma, ameingia chakulani, au amekuwa mfano wa kuwafunza watoto. Asiyeuma, asiyeliwa na asiyeharibu hana jina. Huitwa mdudu tu, akapita. Silaumu lugha yetu kwa hilo, maana kila lugha duniani hutaja kwanza kile kinachowahusu wasemaji wake. Ninachosema ni kwamba majina tuliyorithi yanatosha kwa mambo ya jikoni na kitandani, lakini hayatoshi kwa nchi inayotaka kujua ina nini na isichotaka kuibiwa.

Je, sayansi imefika wapi? Hadi sasa wataalamu wamezipa majina spishi zaidi ya 14,000 za chungu. Mwaka 2022 watafiti walikadiria kwamba duniani wako chungu wapatao trilioni 20,000, na kwamba kaboni iliyomo katika miili yao inazidi uzito wa ile iliyomo katika ndege na mamalia wote wa mwituni wakijumlishwa pamoja. Mwaka uo huo kundi jingine la watafiti, lenye makao Okinawa nchini Japani, lilichora ramani ya dunia ya spishi zinazojulikana, kisha likatumia kompyuta kukisia mahali ambapo zile zisizojulikana yamkini zimejificha. Waligundua pia kwamba, katika maeneo yanayoongoza kwa chungu adimu, ni kama asilimia 15 tu yaliyo na ulinzi wa kisheria wa aina yoyote.

Mtu akitajiwa utajiri wa viumbe, fikira zake hukimbilia msituni, na si bila sababu. Msitu wa Kakamega, kwa mfano, ulichunguzwa kwa miaka kadhaa, na orodha iliyochapishwa mwaka 2009 ilitaja zaidi ya spishi 280 za chungu katika msitu huo mmoja. Mwaka 2017 ilitangazwa spishi mpya kutoka humo, nayo ikaitwa Zasphinctus obamai kwa heshima ya Barack Obama. Lakini watu wachache walitambua kwamba chapisho lilo hilo lilikuwa na spishi nyingine mpya, Zasphinctus wilsoni, iliyopatikana katika Mbuga ya Gorongosa, Msumbiji, na kupewa jina la Edward Wilson, bingwa wa chungu wa Marekani aliyefariki mwaka 2021. Gorongosa si msitu wa mvua za mwaka mzima. Ni nchi ya savana, yenye majira ya mvua na majira ya kiangazi, kama zilivyo Kitui, Makueni, Tana River na sehemu kubwa ya Laikipia. Kumbe nchi kavu nayo ina yake, tena yaliyofichika.

Kwa nini yamefichika? Sababu ya kwanza ni kiangazi chenyewe. Ardhi inapokauka, chungu wengi hushuka chini kufuata unyevu, na wengine hutoka usiku tu. Mtafiti achekechaye majani makavu wakati huo ataambulia vumbi, kisha ataandika kwamba mahali hapo hapana kitu. Sababu ya pili ni barabara. Mgeni hupendelea kuja wakati njia zinapitika, yaani wakati wa kiangazi. Mvua inaponyesha na chungu kutoka, gari lake lingekwama, naye huwa ameshaondoka. Sababu ya tatu ni sifa ya msitu. Fedha za utafiti hufuata mahali panapojulikana kuwa na utajiri, na mahali pasipochunguzwa huendelea kuonekana maskini kwa sababu hapakuchunguzwa.

Sababu ya nne ni harusi ya chungu, na hii ndiyo inayonivutia zaidi. Katika nchi za misimu, spishi nyingi hungoja mvua ya kwanza. Baada ya kunyesha, madume na malkia wenye mbawa hutoka mashimoni, huruka, hujamiiana, na kwa saa chache tu mambo yote huwa yamekwisha. Madume hufa, malkia huziacha mbawa zao na kuchimba makao mapya. Asiyekuwapo saa hizo amekosa mwaka mzima. Isitoshe, dume huweza kuwa tofauti na wafanyakazi wa kabila lake hata asitambulike. Dume la siafu ni mdudu mnene mwenye mbawa, asiyefanana hata kidogo na siafu tuwajuao. Mwaka 1764 Linnaeus mwenyewe, yule Mswidi aliyeuanzisha utaratibu wa majina ya Kilatini, alimpa dume wa jamii hiyo jina akimhesabu kuwa nyigu. Ikiwa bwana wa majina alikosea kwa kuletewa mdudu mmoja mkavu bila kuona alikotoka, sisi tunaoishi alikotoka tuna udhuru gani?

Historia ya chungu wavunaji, wale wale wa kesi ya Naivasha, inalieleza jambo hili vizuri. Kitabu cha Mithali kinamsifu chungu kwa kuweka akiba wakati wa mavuno. Kwa muda mrefu wasomi wa Ulaya ya kaskazini waliitilia shaka habari hiyo, maana chungu wa kwao hawana ghala za nafaka. Baadhi yao walieleza kwamba watu wa kale waliwaona chungu wakibeba watoto wao walio ndani ya vifuko vyeupe, wakadhani ni mbegu. Walihukumu chungu wa nchi kavu kwa kuwatazama chungu wa nchi baridi. Ndipo akatokea Mwingereza John Traherne Moggridge. Alikuwa mgonjwa aliyekuwa akiukimbia ubaridi wa kwao na kukaa Menton, kusini mwa Ufaransa. Huko alipata muda wa kuketi chini na kutazama. Aliwaona chungu wakibeba mbegu, akachimba, akazikuta ghala. Kitabu chake cha mwaka 1873 kilimaliza ubishi huo. Mithali ilikuwa imesema kweli kwa sababu ilitoka kwa watu walioishi na chungu wavunaji.

Mfano wa pili unatoka hapa barani. Felix Santschi alikuwa daktari Mswisi aliyeishi Kairouan, nchini Tunisia, akitibu wagonjwa. Mwaka 1911 alifanya jaribio ambalo mtoto wa shule ya msingi anaweza kulirudia. Aliwakuta chungu wavunaji wakirejea shimoni, akawakinga jua kwa kivuli, kisha akawamulikia mwanga wa jua kutoka upande wa pili kwa kioo. Chungu waligeuka, wakaelekea kinyume. Kwa kioo cha kujitazamia, Santschi alionyesha kwamba chungu hutumia jua kujua njia. Vilevile aliwapa majina chungu wengi wa Afrika, na mkusanyo wake umehifadhiwa Basel, Uswisi. Nauliza: mgonjwa wa Menton na daktari wa Kairouan walikuwa na nini ambacho mwalimu wa Mwingi au Garsen hana? Walikuwa na muda mahali pamoja, daftari, na udadisi.

Hapa msomaji ataniuliza: "Mwalimu, watu wanahangaikia unga na karo, nawe unatuhimiza kuhesabu chungu?" Swali hilo ni la haki, na linastahili jibu lisilo la kimapenzi.

Tazama Laikipia. Katika nyika zake kuna migunga midogo yenye vivimbe, ambayo hupiga mbinja upepo uvumapo. Ndani ya vivimbe hivyo huishi chungu wenyeji, ambao humuuma ndovu mdomoni na mkongani athubutupo kuula mti wao. Kwa njia hiyo mdudu mwenye uzito usiotajika humzuia mnyama mkubwa kuliko wote wa nchi kavu. Baadaye wakaja chungu wageni wenye vichwa vikubwa, Pheidole megacephala, wanaodhaniwa kuwa asili yao ni visiwa vya Bahari ya Hindi. Wageni hao huwaua wenyeji, lakini hawaulindi mti. Mwezi wa Januari 2024, Mkenya Douglas Kamaru na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti wa miaka mingi uliofanywa Ol Pejeta. Mahali palipovamiwa, ndovu walivunja miti mara 5 hadi 7 zaidi ya kwingineko. Miti ilipopungua, simba walikosa maficho ya kuwavizia punda milia. Kati ya mwaka 2003 na 2020, sehemu ya punda milia katika mawindo ya simba ilishuka kutoka asilimia 67 hadi 42, na simba wakageukia nyati, ambaye ni hatari zaidi kumkabili.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Mdudu ambaye hakuna aliyejishughulisha naye amebadilisha chakula cha mfalme wa nyika, yule yule ambaye watalii hulipa fedha za kigeni kuja kumwona. Nasi tusingeijua habari hiyo kama hakuna mtu aliyeweza kumtofautisha chungu mwenyeji na chungu mgeni. Kumtofautisha ndiko kumpa jina.

Tazama pia Pwani. Katika miaka ya 1950 utafiti uliofanywa Unguja ulionyesha kwamba majimoto huilinda minazi dhidi ya mdudu mmoja afyonzaye nazi changa na kuzifanya zipukutike. Mkulima aliyekuwa akiwachoma moto majimoto kwa hasira ya kuumwa alikuwa akimfukuza askari wake mwenyewe. Ikiwa spishi moja tuliyoipa jina ina faida hiyo, ni nani awezaye kuapa kwamba zile tusizozijua hazina lolote?

Takriban asilimia 80 ya ardhi yetu ni kame au nusu kame. Ardhi hiyo inalimwa, inachomwa mkaa, inazungushiwa nyua na kupitishwa barabara. Sisemi maendeleo yasimamishwe kwa ajili ya mdudu. Nasema kwamba kitu kinachopotea kabla ya kutajwa hakina hata wa kukililia. Sheria hailindi "wadudu". Hulinda kitu kinachotajwa. Kesi ya Naivasha iliwezekana kwa sababu chungu wale walikwisha kupewa jina la kitaalamu. Laiti wangekuwa miongoni mwa wasio na jina, mwendesha mashtaka angesema nini mbele ya hakimu?

Sasa nije kwa walimu na wanafunzi. Sipendekezi mtu yeyote aende kuchimba mashimo na kukusanya malkia. Sheria inahitaji kibali, na kesi hiyo ni onyo tosha. Napendekeza daftari. Kila shule katika nchi kavu ichague kipande cha uwanja wake, hata kiwe kidogo kama chumba cha darasa, na kukitazama mwaka mzima, masika na vuli, kipupwe na kiangazi. Wanafunzi waandike tarehe, saa, na kama mvua imenyesha. Waweke tone la asali na punje ya njugu juu ya karatasi, wahesabu ni aina ngapi za chungu zimekuja, na ipi imefika kwanza. Wachore umbo la mlango wa kila shimo. Siku ya mvua ya kwanza wakeshe, waone ni nani anayeruka, na saa ngapi. Kioo cha Santschi hakihitaji maabara. Daftari la namna hiyo, likiwekwa kwa miaka mitano, litakuwa na habari ambazo mtafiti wa wiki mbili hawezi kuzinunua. Nchi hii inayo Makumbusho ya Taifa yenye idara ya wadudu, na tangu mwaka 1970 ina kituo cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa na marehemu Profesa Thomas Odhiambo, Mkenya aliyeamini kwamba sayansi ya Afrika ifanywe Afrika. Shule ikiona kitu kisichoelezeka, wa kumwandikia yupo.

Walimu wa lugha nao wasijitenge wakisema hayo ni ya biolojia. Katika daftari lilo hilo pawe na safu ya majina. Mwanafunzi amuulize nyanya yake, mchungaji, mrina asali: huyu mdudu mwamwitaje, na kwa nini? Jina liandikwe kama lilivyotamkwa, pamoja na lugha yake na maana yake. Pale ambapo hapana jina, tuliunde. Mimi naanza na hao walioibwa: tuwaite chungu wavunaji, maana ndivyo walivyo. Kesho mwingine ataleta jina bora zaidi, nami nitalipokea. Istilahi haziteremki kutoka kwa kamati peke yake; nyingi zimepanda kutoka shambani na malishoni.

Masika yajayo, mvua ya kwanza itakaponyesha, chungu watatoka tena mashimoni kufanya harusi zao. Wanunuzi wa magendo wanaijua saa hiyo, nao watakuwa macho. Lingekuwa jambo la fedheha iwapo mgeni mwenye vichupa ataijua saa hiyo kuliko mwenyeji mwenye daftari.